Jicho la Vita Mbele ya Uso wa Mtu

Je, chombo hubeba dhamira ya aliyekiunda? Swali hili huulizwa sana kuhusu silaha, na mara chache kuhusu kioo. Hata hivyo hulikabili kila mpiga picha atafutaye lenzi ndefu ya kuipachika kwenye kamera kubwa ya kale, ile ya sanduku na mvukuto mweusi wa makunjo, itumiayo filamu ya inchi 4 kwa 5 au 8 kwa 10.

Lenzi nyingi za namna hiyo zilizaliwa kwa kazi nyingine. Apo-Artar ya Goerz iliundwa kwa ajili ya wachapaji, inakili karatasi bapa bila rangi kupishana. Leo huelekezwa milimani, wala hapana anayelalamika. Kodak Aero-Ektar ina nasaba nzito zaidi. Ile ya milimita 178 ilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya ndege za upelelezi za Marekani, zilizopiga picha hata usiku kwa mwako wa mabomu ya mwanga.

Wako wasemao kwamba kioo ni kioo, na nuru ipitayo ndani yake haishiki najisi. Kauli hiyo ni nyepesi mno. Dhamira ya vita imo ndani ya kioo chenyewe: lenzi ilipewa mdomo mpana wa f/2.5 kwa sababu ya giza, na ili mdomo huo upatikane kioo kilitiwa thoriamu, ambayo hadi leo hutoa mionzi na kukigeuza rangi ya manjano. Jua la siku nyingi hukitakasa rangi, lakini mionzi hubaki.

Wengine hushikilia kwamba kumtazama mtu kwa jicho lililoundwa kuchagua shabaha ni kumtazama kama shabaha. Nao wamepitiliza, maana hawakuzingatia kazi ya kuirekebisha lenzi.

Lenzi ya angani haikujua ukaribu. Ilifungwa mahali pamoja, ikatazama ardhi ya mbali. Ichukuliwe ile ya inchi 24, ambayo nayo ilitumika ndegeni. Kwa mandhari ya mbali hutaka sentimita 61 baina yake na filamu. Kwa mtu aliye mita 3 mbele yake hutaka zipatazo 76. Uso ukisogea, sanduku sharti lirefuke. Kama vyumba vya nyumba za mawe za pwani vilivyopata upana wao kutokana na urefu wa boriti za mikoko, ndivyo kamera ipatavyo mpaka wake kutokana na mvukuto. Mnunuzi asiyeupima kwanza hununua jicho la kutazama milima tu.

Mwaka 1891 Dallmeyer wa Uingereza, pamoja na Miethe na Steinheil wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walibuni lenzi ya masafa isiyohitaji sanduku refu kiasi hicho. Vizazi vyake, katika kamera ndogo, ndivyo vilivyomwezesha mpiga picha kujificha kichakani. Kamera kubwa haifichiki. Atazamwaye huliona sanduku, huiona miguu mitatu, naye hutakiwa kutulia, kwani mdomo ukiwa wazi, jicho likiwa bayana sikio limeshafifia. Aweza kukataa. Aliyekuwa chini ya ndege hakuweza, na hapo ndipo penye tofauti, si katika kioo.

Lakini hoja hii ina ufa. Mwaka 2004 David Burnett aliichukua Aero-Ektar, akaipachika kwenye Speed Graphic, kamera yenye pazia lake la kukata mwanga, akaenda nayo kwenye kampeni za John Kerry nchini Marekani. Mgombea apandaye jukwaani amekubali kutazamwa. Umati uliofifia nyuma yake haukuulizwa.