Kushindana na Kushindwa

Methali yetu yasema: "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Aghalabu tunaitumia kumtuliza aliyeshindwa, kisha tukaendelea na somo. Lakini je, ina maana gani hasa? Swali hili nililetewa na mwanafunzi wangu mmoja wa Muyinga, aliyekwenda Gitega kushindana katika kughani mashairi, akawa wa mwisho. Njiani tukirudi aliniuliza: "Mwalimu, si afadhali ningalibaki nyumbani?" Nikamtajia methali hiyo. Akanyamaza, wala hakuridhika.

Usiku ule nilimkumbuka John Nagenda. Alizaliwa mwaka 1938 huko Gahini, katika Rwanda inayopakana na Muyinga yetu, akaja kuwa mwandishi mashuhuri wa Uganda. Ni wachache wanaojua kuwa alicheza pia kriketi. Mwaka 1975 Kombe la Dunia la mchezo huo lilichezwa kwa mara ya kwanza na wanaume, nchini Uingereza, na Afrika Mashariki ikapeleka timu moja iliyoziwakilisha Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Timu hiyo ilicheza mechi tatu, ikashindwa zote. Nagenda, aliyekuwa na umri wa miaka 37, alicheza moja tu, dhidi ya wenyeji, mjini Birmingham, akamtoa mpigaji mmoja. Waingereza walipata mikimbio 290, wenzetu 94. Mechi nyingine ya daraja hilo hakuipata tena maishani.

Je, safari hiyo ilikuwa bure? Yuko atakayesema ndiyo. Huyo yampasa akubali kuwa kila shindano ni mkutano wa kuwafedhehesha wote isipokuwa mmoja. Yuko mwingine atakayesema kuwa kushiriki kwatosha, na hesabu ya 290 kwa 94 haina haja ya kutajwa. Huyu ana huruma, lakini humdharau mshindani, kwa kuwa humwona hastahili kuambiwa kweli.

Naona methali yasimama kati ya hao wawili. Kukubali kushindwa si kukata tamaa, wala si kujisahaulisha. Ni kuijua hesabu na kuitamka bila kuona haya. Nayo hesabu hiyo huipata yule tu aliyethubutu kujipima na aliyemzidi. Aliyebaki nyumbani hakushindwa, ni kweli. Lakini hajui kimo chake.

Hapo nikatambua kosa langu. Kwa huruma, nilikuwa nimemficha mwanafunzi yule karatasi ya waamuzi. Kesho yake nilimpa. Tukaisoma pamoja: mizani alizozimeza, na "dh" alizozitamka kama "z". Hakutabasamu. Aliomba kalamu, akaanza kupigia mstari.

Wenzangu walimu, yafaa tujiulize: tuwafichapo wanafunzi alama zao, huwa tunawahurumia wao, au twajihurumia sisi?