Nikimwachilia, Mwingine Atamvua

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mathayo 13:47-48, Yohana 6:12



Juma hili nataka tukae na sentensi moja niliyoambiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Tangu siku hiyo imenikwama kama mwiba wa samaki kooni.

Ilikuwa hivi. Jumatano moja jioni nilipitia sokoni hapa Shinyalu. Mama mmoja anayeuza samaki, mshirika mwenzetu, alikuwa amepanga mbuta wa kukaanga kwenye karai, wadogo wadogo, fungu la watatu watatu. Nikanunua fungu moja, akanifungia kwa gazeti, nikaenda nyumbani. Tulikula kwa ugali na mrenda, tukamshukuru Mungu. Jumapili nikahubiri Luka 5, jinsi Petro alivyokesha usiku kucha bila kupata kitu, na jinsi nyavu zilivyojaa Bwana aliposema neno. Mnakumbuka vile tulifurahi siku hiyo.

Baada ya ibada kijana mmoja akanivuta kando. Amefanya kazi ya mashua miaka kadhaa kule ziwani, upande wa Busia, kabla ya kurudi nyumbani. Akaniambia kwa heshima, "Pasta, naomba nikuulize kitu. Nilikuona sokoni Jumatano. Ile samaki ulinunua, unajua ilikuwa watoto?"

Nikamuuliza, "Kwani wewe ulipokuwa huko ulikuwa unawaachilia?"

Akatazama chini. "Hapana, Pasta. Tulikuwa tunawavua na tunajua ni makosa. Lakini nikimwachilia, mwingine atamvua. Atakula yeye, na mimi nitalala njaa. Sasa hapo dhambi ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwekea mkono nikamwombea, lakini nawaambia ukweli, niliomba haraka ili niondoke. Kuomba kwa kukwepa swali si kuomba. Kwa hivyo leo nalirudia swali lake mbele yenu wote.

Kwanza tuelewe anachosema. Ziwa Victoria ni letu na si letu. Kenya tunashika kama asilimia 6 tu ya maji yake. Sehemu kubwa iko Tanzania na Uganda. Samaki hana kitambulisho. Leo yuko kwetu, kesho yuko Uganda. Ndiyo sababu nchi hizi tatu ziliunda shirika moja la uvuvi mwaka 1994, makao yake Jinja, na zikakubaliana kwamba mbuta wa kuvuliwa awe na urefu wa sentimita 50 hadi 85. Aliye chini ya hapo bado ni mtoto, wengi wao hawajazaa hata mara moja. Aliye juu ya hapo mara nyingi ni mama mzazi, na jike mkubwa wa mbuta hubeba mayai ya kuhesabiwa kwa mamilioni. Kwa hivyo mtoto aachwe akue, na mama aachwe azae. Aliye katikati ndiye chakula.

Nilipoisoma kanuni hiyo nilikumbuka Kumbukumbu la Torati 22. Musa anawaambia Israeli kwamba mtu akikuta kiota njiani, na ndege mama amelalia mayai au makinda, asichukue mama pamoja na wanawe. Mama amwache aende. Halafu inafuata ahadi ya kushangaza: mtu huyo atafanikiwa, na siku zake zitaongezeka. Ahadi ya namna hiyo tumezoea kuiona kwenye amri ya kuheshimu baba na mama. Hapa Mungu anaiweka kwenye kiota cha ndege kando ya njia, mahali ambapo hakuna polisi, hakuna chifu, hakuna anayekuona.

Sasa turudi kwa kijana. Hakuwa anadanganya. Ni kweli, akimrudisha yule mbuta mdogo majini, mashua ya nyuma yake inaweza kumvua dakika kumi baadaye. Wema wa mtu mmoja hauokoi ziwa. Tusimjibu kwa maneno mepesi ambayo sisi wenyewe tusingeyaamini kama watoto wetu wangelala njaa.

Lakini sikilizeni sentensi hiyo kwa makini. Si ya ziwani peke yake. Sisi tunaoishi karibu na Msitu wa Kakamega tumeisikia tangu utotoni. Nisipokata mti huu pale Isecheno, mwingine ataukata. Karani husema, nisipochukua hiki kitu kidogo, mwingine atachukua. Mwanafunzi husema, nisipoiba mtihani, wenzangu wataiba na watanipita. Hata Yuda angeweza kusema, nisipomuuza mimi, makuhani watapata mwingine. Na pengine wangempata! Je, hiyo ingemwondolea hatia? Sentensi inayoweza kumtetea Yuda haiwezi kutosha kumtetea mtu yeyote.

Kuna jambo la pili. Huyu "mwingine" ni nani? Ukimuuliza mvuvi wa Busia, atasema ni mvuvi wa Homa Bay. Wa Homa Bay atasema ni wa Uganda. Wa Uganda atasema ni mwenye nyavu za matundu madogo. Mwenye nyavu atasema ni mnunuzi, kwa sababu bila mnunuzi angerudi nyumbani na samaki wa kuoza. Zunguka ziwa lote, kila mtu atanyoosha kidole kwa jirani, na mwisho utarudi pale ulipoanzia. Mwingine hayupo. Kila mmoja wetu ndiye mwingine wa mwenzake.

Mimi nilipomtafuta huyo mwingine nilimkuta mezani kwangu, mbele ya sahani ya ugali.

Nisikilizeni vizuri hapo. Mbuta mkubwa huenda kiwandani, anakatwa minofu, na minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tunabakiwa na mgongo wazi, ule mfupa na kichwa ambao wengi wetu tumelelewa nao, na hatuoni aibu. Lakini mbuta mchanga, yule wa chini ya sentimita 50, kiwanda hakiruhusiwi kumchukua. Kwa hivyo Mzungu si wa kulaumiwa kwa huyu. Anakuja kwetu, kwenye masoko yetu, kwenye karai, fungu la watatu watatu. Mwenye kumfanya awe na bei ni mimi na wewe. Kijana aliposema "mwingine atamvua," alikuwa anasema pia, "kwa sababu Pasta atamnunua."

Najua mtu wa imani atainuka aseme, "Pasta, Mungu wetu ni Jehova Yire. Samaki haiwezi kuisha. Yeye aliyejaza wavu wa Petro atajaza tena." Amina, ninaamini hivyo. Lakini someni Yohana 6. Bwana alilisha maelfu kwa mikate mitano na samaki wawili. Wote waliposhiba aliwaagiza wanafunzi waokote vipande vilivyobaki, kitu chochote kisipotee. Yeye ambaye angeweza kufanya muujiza mwingine kesho yake hakukubali makombo yatupwe. Anayeharibu kwa sababu ati Mungu ataleta kingine hajaelewa muujiza.

Tena tusidanganyane kwamba ziwa haliwezi kuishiwa. Lilishaishiwa. Wazee wanaojua ziwa watakuambia juu ya fulu, visamaki vidogo vya aina mamia. Mbuta mwenyewe hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa na watu katika miaka ya 1950, na alipoongezeka fulu wengi walitoweka, aina nyingine moja kwa moja. Leo nenda Kisumu, mji uliojengwa juu ya maji ya samaki, utakuta katoni za tilapia waliogandishwa kutoka China. Wamevuka bahari kuja kuuzwa kando ya ziwa. Hiyo ni mahubiri tosha kwa mwenye macho.

Sasa kuna swali gumu zaidi, na sitaliruka. Yule mama wa karai je? Nilimwendea Jumatatu. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha, lakini yeye ndiye aliyenifundisha. Aliniambia, "Pasta, mbuta mkubwa mmoja bei yake inamaliza mtaji wangu wote, na hapa hakuna atakayemnunua mzima. Hawa wadogo ndio mnaweza kulipa. Si nyinyi ndio mnasema 'Mama, niwekee ya mia'? Nikiacha, karo nitaitoa wapi?"

Yakobo anatuonya juu ya mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani, apate joto na ashibe, halafu hampi kitu. Nikisimama madhabahuni nikasema mbuta wadogo ni dhambi, ninyi mkaacha kununua, na yule mama akafunga karai lake bila sisi kumsaidia, basi tumehamisha mzigo kutoka ziwani hadi mgongoni mwake. Huo si utakatifu. Haki ya Mungu humdai zaidi aliye na nguvu zaidi. Mvuvi wa kibarua hana nguvu kama mwenye mashua. Mama samaki hana nguvu kama wanunuzi mia wakikubaliana. Sisi tukikubaliana, tuna nguvu kuliko wote.

Kwa hivyo nimejibu swali la kijana namna hii, na mnipime kwa Neno. Dhambi ni ya kila mkono ambao samaki yule alipitia, lakini kwa kadiri mkono huo ulivyoweza kufungua. Wangu uliweza kufungua kirahisi kabisa. Nilikuwa na pesa, nilikuwa na uchaguzi, na sikujali hata kuangalia. Na mimi ndiye nisiyekuwa na njaa.

Tufanye nini basi? Nina mambo matatu tu, na yote ni madogo.

La kwanza, jifunze kupima. Huhitaji rula. Mungu alimpa Nuhu vipimo vya safina kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kwa mtu mzima hiyo ni kama sentimita 45, karibu na kile kipimo cha 50. Weka mkono wako kando ya mbuta. Asipoupita, huyo ni mtoto, mwache. Lakini msiwahukumu samaki kwa udogo tu. Omena ni mdogo lakini ni mtu mzima, ndivyo alivyoumbwa. Yeye ana msimu wake wa kupumzishwa, na tuuheshimu.

La pili, tuungane. Nyumba tatu au nne wakichanga, wananunua mbuta mmoja halali kwa yule yule mama, na yeye anawakatia vipande. Mtaji wake unarudi siku hiyo hiyo, na hakuna anayebaki na samaki wa kuoza. Nimeongea na idara ya akina mama, na wamekubali tujaribu kuanzia mwezi ujao. Jina lako liandikishe kwao.

La tatu, wenye maji kwenye mashamba yao wafikirie vidimbwi. Tangu serikali ilipoanzisha mpango wa kufadhili vidimbwi vya samaki mwaka 2009, watu wengi wa bara wamejua kwamba tilapia anaweza kukua mbali na ziwa. Kijana wetu aliyetoka kwenye mashua anajua samaki kuliko sisi wote. Mwiteni, mmlipe, awafundishe.

Je, ziwa litapona kwa sababu Shinyalu tumepima samaki kwa mkono? Sijui, na sitawaahidi. Lakini tazameni tena lile neno la kiota. Mungu hakusema, "Mwache mama aende ikiwa wapita njia wengine wote nao watamwacha." Alimwambia mtu mmoja, njiani, peke yake, na akaweka ahadi mkononi mwake. Katika Mathayo 13 wavu unavutwa ufuoni, watu wanakaa chini, wanachagua. Siku ile sisi ndio tutakaokuwa ndani ya wavu. Hatutaulizwa jirani alivua nini. Tutaulizwa tulichoshika, na tulichoachilia tulipoweza kushika.

Yule kijana alikuja tena Jumapili iliyopita. Akaniuliza kama nimepata jibu. Nikamwambia, "Ndiyo. Yule mwingine nilimpata. Ni mimi." Akacheka kidogo, kisha akanyamaza, akasema, "Basi tulikuwa wawili, Pasta."

Tuombe. Baba, utusamehe kwa vile tulivyokula bila kuangalia. Mlinde mvuvi usiku majini, mfungulie mama samaki mlango wa halali, na utupe mikono inayojua kufungua. Katika jina la Yesu. Amina.