Deni la Mkaaji wa Juu

Maji ya mto hayachagui mwenye shamba. Hupita kwa huyu yakateremka kwa yule, na kila alichokitia wa juu hukipokea wa chini bila kuulizwa. Basi yafaa tujiulize, msomaji: mtu akaaye juu ya mto ana deni gani kwa jirani asiyemwona?

Tutazame mto Jinzu katika nchi ya Japani. Milimani, huko Kamioka, palikuwa na mgodi wa zinki na risasi, mali ya kampuni ya Mitsui. Taka zake ziliingia mtoni pamoja na kadimiamu, madini yenye sumu. Mto uliichukua sumu hiyo hadi mashamba ya mpunga ya Toyama, karibu na bahari, ukaiacha katika udongo. Mpunga uliinyonya, watu wakala. Figo zao zilidhoofika, na mifupa ikalegea hata ikavunjika kwa urahisi. Wengi wa wagonjwa walikuwa wanawake wa makamo na wazee. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani "yauma, yauma".

Yamkini utasema kwamba mgodi uliwapa watu kazi, na taifa lilihitaji zinki. Ni kweli. Lakini angalia faida ilikwenda kwa nani, na maumivu yalibaki kwa nani. Mtu aweza kujitoa mhanga kwa ajili ya wenzake. Hana ruhusa ya kumtoa jirani yake.

Wengine husema kosa la zamani lisahauliwe, maana waliolitenda wamekwisha kufa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama sumu nayo ingekufa. Jani huoza likawa mbolea, madini hayaozi. Serikali ya Japani ilikitaja chanzo cha ugonjwa mwaka 1968, na mwaka 1972 mahakama ya rufani ikawapa wagonjwa haki yao. Hata hivyo mashamba hayakutakata kwa hukumu. Kazi ya kuyatengeneza kwa udongo safi ilianza mwaka 1979 ikamalizika mwaka 2012, katika hekta zaidi ya 800. Mtoto aliyezaliwa kazi ilipoanza alikuwa na miaka 33 ilipokwisha.

Kwa hiyo deni la namna hii hupimwa kwa urefu wa madhara yake, na arithiye faida hurithi na deni. Nawe, msomaji, popote ukaapo, yuko aliye chini yako, labda hajazaliwa. Kabla hujatupa kitu mtoni, jiulize kama ungekubali kula mpunga wa shamba lake.