Jumuiya Yapanuka, Ahadi Zake Je?

Katika darasa zetu za baada ya Isha twaulizwa mara nyingi juu ya udhu, na ndoa, na mirathi, na masuala hayo yana vitabu vyake. Miezi michache iliyopita mfanya biashara mmoja wa nafaka alituletea suala la namna nyingine. Shehena yake ya mahindi ilizuiliwa mpakani siku nyingi, ingawa alikuwa na karatasi zote, mpaka ikaota ukungu. Hakulalamika sana juu ya hasara. Mali, alisema, huja na huenda. Alilotaka kujua ni hili: serikali mbili zikitia sahihi mkataba ya kwamba bidhaa za raia wao zitapita, kisha moja ikazuia bila ya sababu iliyomo katika mkataba, je, huko ni kuvunja ahadi kama tukujuavyo katika dini, au ni siasa tu, ambayo haina mwenye kuulizwa Siku ya Hesabu?

Tulimjibu upesi usiku ule, na jawabu letu halikututuliza. Twaona yatupasa tulirudie.

Wako wasemao ya kuwa ahadi ni baina ya mtu na mtu. Ama dola haina roho, basi haina dhambi. Hoja hii ni dhaifu. Sura ya Al-Maida yafunguka kwa amri ya kutimiza mapatano, wala haikubagua mapatano ya sokoni na ya watawala. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipofanya suluhu na Makureshi pale Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, alijifunga kwa masharti yaliyowauma masahaba zake. Mkataba ungali ukiandikwa akatokea Abu Jandal, mwana wa Suhail aliyekuwa msemaji wa Makureshi, ana minyororo mwilini, akiomba kuokolewa. Naye akarudishwa kwa baba yake, kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha kukatwa. Huo ulikuwa mkataba wa kaumu mbili, si wa watu wawili dukani. Na waama, karatasi haijitii sahihi yenyewe: kila mkataba una mikono ya watu wenye majina na baba zao.

Sasa tuitazame Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo sisi watu wa pwani twaishi ndani yake kila siku, kwani shehena za Uganda, za Rwanda, za Sudan Kusini na za mashariki ya Kongo hupita katika bandari yetu ya Mombasa. Wengi wa vijana wetu hudhani ya kuwa ni jambo jipya. Sivyo. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilifunga mkataba huko Kampala, na zikawa na reli moja, bandari chini ya shirika moja, posta moja na ndege moja. Mwaka 1971 Idi Amin aliitwaa Uganda kwa nguvu, Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye, na baraza la marais watatu likawa halikutani tena. Tanzania na Uganda zilinung'unika ya kuwa faida yote yakusanyika Kenya. Na Kenya ikanung'unika ya kuwa wenziwe hawatoi sehemu zao kwa wakati. Mwaka 1977 nyumba ikaanguka, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983.

Vitabu vya historia huishia hapo, vikahesabu marais na mabehewa. Sisi twataka kuwataja wafanya kazi. Walikuwako makarani, mafundi wa garimoshi na wapagazi wa bandari walioitumikia Jumuiya ile ujanani mwao kwa ahadi ya malipo ya uzeeni. Mwaka 1984 mali na madeni yaligawanywa kwa usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, na kila serikali ikabebeshwa haki za watu wake. Lakini katika Tanzania wazee hao walibaki wakidai kwa miongo ya miaka, mahakamani na barabarani, na wengi wakafa wakidai. Sote twaijua amri ya kumpa mtumishi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hawa jasho lao lilikauka, zikakauka na nguvu zao. Mwenye kutaka kujua kama kuvunja mkataba wa dola ni dhambi, na aanze kwa hawa.

Jumuiya ya pili ilitiwa sahihi Arusha mwaka 1999, na nchi zile zile tatu. Rwanda na Burundi zikaingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Leo ni nchi nane, kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi mlango wa mto Kongo katika Atlantiki.

Je, kupanuka huku ni kheri? Wako ndugu zetu wasemao ya kuwa mlango ulipaswa kufungwa mpaka nyumba itengenezwe. Wao hutaja kanuni ya mafakihi, ya kuwa mwenye deni hulipa deni lake kabla ya kutoa sadaka, na kwa kweli hoja yao ina uzito. Mwaka 2019 Rwanda iliufunga mpaka wake mkubwa na Uganda, ukakaa umefungwa karibu miaka mitatu. Mwaka 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu ya ukungu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Mwaka 2025 Tanzania iliwakataza wageni biashara ndogo ndogo za aina kumi na tano, bila ya kuwatoa majirani waliomo katika soko moja. Na mwezi wa Januari mwaka huo huo mji wa Goma ulitekwa na M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ya kuwa jeshi la Rwanda liliwasaidia, na Rwanda imekana. Hizo ni nchi mbili za Jumuiya moja.

Hata hivyo hatukubaliani na wenye kufunga mlango. Kumpokea jirani si sadaka. Jirani ana haki. Tuichukue Somalia, iliyoomba mwaka 2012 ikangoja miaka kumi na mmoja hata kutia sahihi. Kismayu ilikuwa chini ya Kenya mpaka mwaka 1925, Waingereza walipowapa Wataliana. Barawa wako watu wenye Kiswahili chao, na jamaa zao wamo humu Mombasa na Lamu. Nani alituuliza mipaka ile ilipokatwa? Na Wapemba waliovua samaki na kuzaliana katika pwani ya Kenya kwa vizazi walikaa bila ya vitambulisho mpaka Serikali ilipowatambua mwaka 2023. Baadhi ya wasemao leo ya kuwa majirani wasubiri, wao wenyewe hawajapata kusubiri kitu mpakani.

Tunachokilaumu ni kitu kingine. Mkataba wa mwaka 1999 umetaja masharti ya mwenye kuingia: utawala mwema, kufuata sheria, haki za watu, ujirani, na uchumi unaopatana na wa wenziwe. Sudan Kusini ilipoingia mwaka 2016 watu wake walikuwa wakiuana. Kuandika sharti kisha kutolitazama ni kama kadhi amwulizaye shahidi jina lake asimwulize alichokiona. Kadhalika uamuzi wa wakuu wa nchi ni lazima uwe wa kauli moja. Walipokuwa watatu ilikuwa taabu. Wakiwa wanane, mmoja asiyetaka aweza kuwazuia saba, na mwenye kosa naye ameketi mezani.

Kabla ya utume wake, Mtume (s.a.w.) alihudhuria maagano yaliyoitwa Hilful-Fudhul, katika nyumba ya Abdallah bin Judaan, na hata baada ya kupewa utume aliyasifu. Chanzo chake kilikuwa mfanya biashara mgeni, mtu wa Zabid katika Yemen, aliyeuza bidhaa zake Makka akadhulumiwa thamani yake na mkubwa mmoja. Wale waliokutana hawakuulizana wako koo ngapi. Waliapa kuwa pamoja na aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Nao wakamwendea yule mkubwa, wakaitwaa mali ya mgeni wakamrudishia.

Jumuiya yetu nayo ina mahakama yake huko Arusha, na mkaazi yeyote wa nchi hizi, si serikali peke yake, aweza kuishitaki serikali iliyovunja mkataba. Sharti ni kushitaki ndani ya miezi miwili. Mfanya biashara wetu hakulijua hilo, wala sisi hatukulijua mpaka tulipokuwa tukimtafutia jawabu lake. Tulipomwendea dukani kumweleza, alihesabu kwa vidole, na miezi miwili ilikuwa imekwisha kupita.