Nafasi Aliyoiacha Dereva Ilikuwa ya Nani?

Tarehe 12 Mei 2002, huko Austria, dereva Mbrazili Rubens Barrichello alianza wa kwanza katika mbio za langalanga na kuongoza karibu mbio nzima. Mita chache kabla ya mstari wa kumalizia akapunguza mwendo. Mwenzake wa timu ya Ferrari, Michael Schumacher, akampita na kuandikwa mshindi. Watazamaji wakazomea. Schumacher mwenyewe aliona haya, akamsukuma Barrichello apande ngazi ya juu kabisa ya jukwaa la washindi, na kwa kuvuruga utaratibu wa jukwaa hilo Ferrari na madereva wake wakatozwa faini ya dola milioni 1, nusu yake ikiahirishwa. Angalia vizuri, ndugu msomaji: kosa lililoadhibiwa ni la jukwaani. Lile la barabarani halikuwa kosa, kwani kanuni za wakati ule hazikuizuia timu kupanga ni nani kati ya madereva wake amalize mbele.

Wapo watakaouliza kwa nini sisi wanafunzi tujishughulishe na vijana wa Ulaya na Brazili wanaolipwa mamilioni kwa kuzunguka barabara ileile. Ningeweza kujibu kwamba mambo haya yameshafika mlangoni petu: Desemba 2024 FIA, shirika linalosimamia mbio za magari duniani, lilifanya sherehe zake za tuzo Kigali, na Rwanda ikatangaza kwamba inataka kuandaa mbio za Formula 1. Lakini hiyo si sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba madereva hawa wanapotoka katika timu kubwa huanza kusimulia waliyoamriwa, na masimulizi yao yanagusa swali ambalo wengi wetu tutakutana nalo mwezi wa kwanza wa ajira. Anayetii amri ya mwajiri hubaki na dhima kiasi gani?

Barrichello aliondoka Ferrari mwishoni mwa 2005. Miaka kadhaa baadaye alieleza kwamba siku ile alibishana na wakubwa wake kwenye redio kwa mizunguko mingi, na kwamba aliambiwa maneno yaliyomfanya aone kuwa kazi yenyewe iko hatarini. Hakusema kwamba alimpa mwenzake ushindi. Alisema aliubanwa mpaka akauachia, na tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Tena Ferrari haikuwa na shida. Hizo zilikuwa mbio za 6 kati ya 17, Schumacher alikwisha kushinda 4 kati ya 5 zilizotangulia, na ubingwa aliuchukua Ufaransa mwezi Julai huku mbio 6 zikiwa zimebaki. Mtu anaweza kutetea amri ya timu pale ambapo pointi moja itaamua mwaka mzima. Hapa ilikuwa ni ulafi tu.

Linganisha na Peter Collins, Mwingereza, naye wa Ferrari. Mwaka 1956 pale Monza, Italia, alikuwa bado na nafasi, finyu lakini ya kweli, ya kuwa bingwa wa dunia. Gari la Juan Manuel Fangio, mwenzake wa timu, likaharibika. Siku zile kanuni ziliruhusu madereva wawili kutumia gari moja na kugawana pointi. Luigi Musso aliposimama alitakiwa ampishe Fangio, akakataa. Collins aliposimama alishuka mwenyewe. Fangio akamaliza wa pili na kuwa bingwa kwa mara ya nne. Collins alikuwa na umri wa miaka 24, Fangio 45, na inajulikana kwamba kijana aliona muda wake bado upo. Haukuwepo. Alifariki Agosti 1958 katika mbio za Ujerumani, bila kuupata ubingwa. Musso alikuwa amemtangulia mwezi mmoja tu, katika mbio za Ufaransa.

Watu husimulia kisa hicho kumsifu Collins na kumsuta Musso. Kumsifu Collins sawa. Kumsuta Musso sikubali. Zawadi ni zawadi kwa sababu mwenye nayo angeweza kuizuia. Tukimlaumu aliyezuia, basi yule aliyetoa tumemnyang'anya fadhila yake na kuifanya kodi. Ndiyo maana kisa cha Austria kinachoma. Walichukua kitu ambacho Barrichello alikuwa na haki ya kukataa kukitoa, kisha wakataka kionekane kama ukarimu wa timu.

Na jaribio la kukirudisha halikufua dafu. Septemba mwaka huohuo, Indianapolis, Marekani, Schumacher alikuwa anaongoza, na pale kwenye mstari wa kumalizia Barrichello akampita kwa sekunde 0.011. Wengi walilichukua kuwa ni malipo ya deni la Austria. Mimi naona huruma zaidi hapo kuliko kule, kwani mtu aliyeporwa ushindi alioutolea jasho alirudishiwa ushindi ambao hakuutolea. Vikombe viwili kabatini, na hakuna hata kimoja ambacho mwenyewe anaweza kumwonyesha mwanawe bila maelezo marefu.

Baada ya mwaka ule amri za namna hiyo zikapigwa marufuku. Matokeo yake? Amri ziliendelea, ila sasa kwa mafumbo. Mwaka 2010 Ujerumani, Felipe Massa wa Ferrari aliarifiwa kwenye redio kwamba Fernando Alonso ana kasi kuliko yeye, kisha akaulizwa kama ujumbe ameuelewa. Kila mtu aliuelewa. Massa akapisha, timu ikatozwa faini ya dola 100,000, na marufuku ikaondolewa kuanzia 2011. Naona walifanya vema kuiondoa. Amri ya wazi ni bora kuliko uongo unaofahamika na wote, kwa sababu amri ya wazi angalau ina mtu wa kuulizwa.

Mpaka hapa tunazungumzia mali ya dereva mwenyewe. Nafasi yake, jasho lake, akitaka atoe, akibanwa aonewe. Lakini kuna amri inayomtaka mtu atoe kisicho chake, na hapo ndipo naachana na wale wanaosema mwajiriwa hana dhambi.

Singapore, 28 Septemba 2008. Nelson Piquet mdogo, dereva wa Renault, aligonga ukuta. Alonso, mwenzake wa timu aliyeanza katika nafasi ya 15, alikuwa ametangulia kuongeza mafuta kabla ya hapo. Gari la usalama lilipoingia barabarani, wengine wakaharibikiwa mpango na yeye akashinda. Mwaka mmoja baadaye, Piquet akiwa ameshafukuzwa, alieleza kwamba aligonga kwa makusudi na kwamba aliombwa na wakubwa wake. Alisema hali yake ya moyo ilikuwa dhaifu kwa sababu mkataba wake ulikuwa haujajulikana. Alonso hakukutwa na hatia ya kujua. Mkuu wa timu, Flavio Briatore, na mhandisi Pat Symonds waliondoka. FIA iliwafungia, na mahakama ya Paris ikaufuta uamuzi huo Januari 2010.

Sasa tazama aliyoyatoa Piquet usiku ule. Alitoa usalama wa watu wanaosimama kando ya barabara kuzoa vipande vya magari, na hao hawakuulizwa. Alitoa pia mbio za Massa, aliyekuwa anaongoza. Katika pilikapilika za gari la usalama Massa aliondoka na mpira wa mafuta ukining'inia garini, akamaliza wa 13. Kosa la mpira ni la timu yake, hilo tusilifiche. Lakini mwishoni mwa mwaka aliukosa ubingwa kwa pointi 1. Mkataba wa Piquet ulikuwa shida ya kweli, wala sitaicheka, maana viti vya Formula 1 ni karibu 20 dunia nzima. Shida ya kweli inaeleza kwa nini mtu amefanya jambo. Haiwezi kumpa ruhusa ya kulipa kwa mfuko wa jirani.

Nikisoma kumbukumbu za madereva naangalia tarehe kwanza. Amesema lini? Oktoba 1976, Fuji, Japani, Niki Lauda wa Ferrari alisimamisha gari baada ya mizunguko miwili kwa sababu mvua ilikuwa hatari. Miezi isiyofika mitatu nyuma alikuwa ameungua na kuponea chupuchupu Ujerumani. Mhandisi wa timu, Mauro Forghieri, alijitolea kuwaambia watu kwamba injini imeharibika. Lauda akakataa, akasema ni yeye. Aliukosa ubingwa kwa pointi 1 na lawama akazipokea siku hiyohiyo. Stirling Moss naye, mwaka 1958 Ureno, alikwenda mbele ya waamuzi kumtetea mpinzani wake Mike Hawthorn aliyetaka kunyang'anywa nafasi ya pili. Hawthorn akabaki na pointi zake, na mwisho wa mwaka akawa bingwa kwa kumzidi Moss pointi 1. Moss hakuwahi kuwa bingwa mpaka alipofariki mwaka 2020.

Rafiki mmoja aliyesoma rasimu hii aliniambia nawaonea waliochelewa, kwamba Lauda alikuwa bingwa tayari na angepata timu nyingine popote, ilhali Piquet hakuwa na ushindi hata mmoja. Ni kweli, na ni hoja nzito, hasa kwa mhitimu anayeletewa karatasi ya mahudhurio ya semina ambayo haikufanyika na kuambiwa asaini ili mradi usifungwe. Hana jina la Lauda. Ana kodi ya chumba na wadogo wanaosubiri ada. Nilimjibu rafiki yangu kwa hesabu tu. Piquet aliupata mkataba wa 2009. Mbio zake za mwisho na Renault zilikuwa Hungaria, mwezi Julai, miezi 10 baada ya ule ukuta wa Singapore.