Sahihi ya Fundi wa Ndege

Ziko kazi ambazo mtu huzifanya mbele ya macho ya watu, na ziko kazi ambazo huzifanya mahali pasipo na amwonaye. Mchezaji wa mpira husifiwa au huzomewa papo hapo. Lakini fundi akazaye nati ndani ya injini, kisha akaifunika, hana shahidi ila nafsi yake. Swali ninalotaka tulifikiri, ewe msomaji, ni hili: kwa nini mtu aifanye vyema kazi ambayo hapana atakayeiona?

Mahali pafaapo kulitazama swali hili ni Nairobi, katika kiwanja cha ndege cha Wilson, jirani na Kibera. Kiwanja hicho kilipewa jina hilo mwaka 1962 kwa heshima ya Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Leo ndege ndogo huondoka hapo zikichukua watalii, bidhaa, na madaktari wa Amref, shirika lililozaliwa mwaka 1957 ili kuwafikia wagonjwa wa mbali kwa ndege. Nyuma ya kila safari yupo fundi. Baadhi ya mafundi, wakiisha kupata ujuzi na akiba kidogo, hukodi banda, huajiri vijana, na kuwa wenye biashara.

Hapo ndipo mtihani huanza. Fundi mwenye duka lake ana spana katika mkono mmoja na daftari la fedha katika mkono wa pili. Ndege iliyolala bandani haiingizi hata senti, vipuri hutoka ng'ambo na bei yake ni kubwa, mteja hupiga simu asubuhi na jioni akiuliza, “Bado tu?” Sheria husema kuwa ndege iliyotengenezwa isiruke mpaka fundi mwenye leseni atie sahihi kwamba yafaa kuruka. Basi kalamu i mkononi mwa mtu yule yule anayedaiwa kodi ya banda. Je, atautazama ufa, au atautazama mfuko?

Tazama yaliyotokea Japani. Mwaka 1978 ndege moja kubwa iliumia mkia ilipokuwa ikitua, ikatengenezwa. Katika ukuta wa nyuma uzuiao hewa, safu moja ya ribiti iliachwa ibebe mzigo uliopasa kubebwa na safu mbili. Kwa nje kazi ilionekana njema. Ndege iliruka miaka saba, na kila safari ilikuwa kama ushahidi wa uongo kwamba mambo ni salama. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ule ulipasuka, na watu 520 wakafa. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hapakubaki hata nafasi ya kujenga.

Yumkini utasema kwamba kosa kama hilo ni la watu waovu. Sivyo. Mwaka 1990 fundi mmoja wa Uingereza, akifanya kazi usiku, alibadilisha bolti za kioo cha mbele cha ndege. Alizichagua mpya kwa kuzilinganisha na kuukuu, bila kuitafuta namba yake kitabuni. Katika bolti 90, bolti 84 zilikuwa nyembamba kuliko ilivyopasa, kwa tofauti isiyofika milimita moja. Ndege ilipokuwa angani, tarehe 10 Juni, kioo kiling'oka na rubani akavutwa nje nusu ya mwili. Wenzake walimshika miguu mpaka ndege ikatua, wala hapana aliyekufa. Fundi yule hakutaka kumdhuru mtu. Alikuwa amezoea kuliamini jicho lake. Hivyo twajifunza kwamba nia njema peke yake haitoshi. Nia njema yapasa ifungue kitabu, isome namba, na kupima.

Watu wengine hujibu kuwa uaminifu ni anasa ya walioshiba: mwenye watoto wenye njaa hawezi kuchelewesha kazi kwa sababu ya bolti moja. Neno hili lina uzito, wala silidharau. Tena si kweli kwamba uaminifu hulipwa sikuzote. Charles Taylor alitengeneza injini ya ndege ya ndugu wawili Wright mwaka 1903 kwa muda wa wiki sita hivi. Ulimwengu ukawajua hao ndugu. Yeye alikufa mwaka 1956 bila utajiri, na watu wengi hawalijui jina lake. Kwa hiyo sikuahidi faida wala sifa.

Lakini fikiri juu ya wakaao Kibera chini ya mabati, ambao ndege hupita karibu nao kila siku. Wengi wao hawajapanda ndege. Hawakukata tiketi, hawakuulizwa, wala hawamjui fundi. Hata hivyo maisha yao yamo katika sahihi yake. Mwenye njaa aweza kuuza jasho lake, hata shati lake, kwa kuwa ni mali yake. Usalama wa jirani si mali yake. Hawezi kuuuza, hata njaa ikimzidi. Wala mkaguzi wa serikali hawezi kusimama nyuma ya kila nati. Sheria hufika mlangoni mwa banda. Ndani, mbele ya nati, hubaki dhamiri.

Wala usidhani kuwa jambo hili ni la ndege tu. Fundi wa Kawangware afungaye breki za matatu jioni, huku utingo akimhimiza, ameshika roho za abiria ambao kesho watasinzia vitini kwa amani. Wewe nawe, uliye darasani, ukinakili jibu la mwenzako waweza kupata alama. Lakini unauzoesha mkono wako kutia sahihi jambo usilolijua. Mkono huo huo ndio utakaoshika spana, sindano ya dawa au kalamu ya hakimu. Uzoeze sasa kupima kabla ya kusema “tayari”, maana siku ya kazi yenyewe hautakuwa na tabia nyingine ila ile uliyoizoea.