Kuacha Kazi: Uthubutu Wetu, Gharama ya Nani?



Vijana wetu wasomi hapa Malvern hutuuliza mara kwa mara: je, ni haki mtu kuacha kazi yenye mshahara wa uhakika akajiunge na kampuni changa ambayo haijapata hata wateja kumi? Wapo wanaojibu kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Wengine husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali zote mbili ni za kweli, lakini zote zinamzungumzia mtu mmoja, ilhali mshahara wetu wa ughaibuni si wa mtu mmoja. Kabla mwezi haujaisha umekwisha kulipa ada ya mdogo wetu Morogoro, dawa za mama Kisumu na kodi ya nyumba Bukavu.

Tuchukue mfano wa Peter Njonjo wa Kenya, aliyefanya kazi Coca-Cola kwa miaka mingi hadi kuwa mmoja wa wakubwa wake Afrika. Mwaka 2014 yeye na Grant Brooke walianzisha Twiga Foods, iliyoanza kwa kununua ndizi za wakulima na kuwapelekea wachuuzi wa Nairobi. Mwaka 2019 aliiacha Coca-Cola ili aiongoze Twiga kwa muda wake wote. Mwaka 2021 kampuni ikapata dola milioni 50 za wawekezaji. Mwaka 2023 ikapunguza wafanyakazi 283, na mwaka 2024 Njonjo mwenyewe akaondoka.

Hatumlaumu. Bila watu wa namna hiyo, ndizi zingeendelea kupita mikono mingi kabla ya kufika sokoni. Tunachojifunza ni kwamba hatari ya kampuni changa haigawanyiki sawa. Mkubwa anayeacha kazi huwa na akiba na jina la kumfungulia mlango mwingine. Karani au dereva anayemfuata huwa na mshahara wa mwezi huo tu. Nyuma ya karani yupo mzazi kijijini ambaye hata jina la kampuni halijui.

Kwetu sisi wageni hesabu ni ngumu zaidi. Hapa Afrika Kusini mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira, UIF, haumlipi aliyejiuzulu kwa hiari. Kibali cha kazi cha kawaida humfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Na anayeanzisha biashara yake hukabili hatari isiyoandikwa katika mpango wowote: Septemba 2019 magari yaliyowekwa kuuzwa Jules Street yalichomwa moto.

Je, basi tukae kazini hadi tustaafu? La hasha. Kazi ya uhakika nayo hufa, na wanaotutegemea hawana haki ya kutufunga maisha yetu yote. Lakini sisi wahandisi tunalo somo moja la kutoa. Msanifu wa daraja hulipa nguvu kuliko uzito unaotarajiwa. Hafanyi hivyo kwa woga. Anajua kwamba watakaopita juu yake hawakuiona michoro, wala hawakuulizwa.

Kwa hiyo, anayetaka kuondoka aondoke, ila kwanza awaorodheshe wote wanaopita juu ya mshahara wake. Atenge fedha za ada hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Aamue mapema ni mwezi gani atarudi kutafuta ajira endapo mambo hayatakwenda. Kisha apige simu nyumbani, si kuomba ruhusa, bali kutoa taarifa. Mama akijua kwamba kuanzia Januari fedha zitapungua kwa nusu, atapanga upya, pengine ataongeza kuku au atapangisha chumba. Asipoambiwa, atakuwa ameingizwa katika biashara ambayo hakuichagua, na hasara yake ataigundua dukani, mbele ya muuza dawa.